Mihogo ya Mama Faida na tere ya Lubarika

Siku walinifanyia sherehe ya kutoka ku kazi, waliniomba niseme maneno kidogo. Wenye wananijua wanajua kama minye na maneno kidogo hatuyawahi kupatana. Nilisema mpaka bia zikapata moto ndani ya glasi. Kiisha yule kijana mupya wa biro, mwenye anavaaka miwani, akanyoosha mukono kama mutoto wa masomo, akaniuliza: "Papa Byamungu, ile tere, uwanja ya mupira ya Lubarika, kwa nini iko kombo ku plan? Nani alikosea kupima?"

Nilikasirika. Nilimwambia hakuna mwenye alikosea. Akacheka, akasema lakini papa, kona moja inakosekana kabisa, iko sawa vile panya ilikula karatasi. Wengine nao wakacheka. Nikaenda kukaa.

Basi niko naandika hii juu yake yeye, na juu ya wenzake wote wenye watashika shene ya kupimia nyuma yangu. Sitaandika ni mwaka gani walinipandisha grade, wala nani alininyima. Hiyo ilishaisha, na wenye walininyima wamoja wameshakufa. Nataka kusema juu ya ile kona, ili siku moja asikuye mutu na rula yake kuinyoosha.

Nilianza kazi kidogo mbele ya uhuru. Nilikuwa kijana wa Songo, hapa Uvira, mwenye kelele, mwenye hasira ya karibu karibu. Masomo sikumaliza. Kifaransa nilijifunza mwenyewe ku magazeti yenye wamama walikuwa wanafungia ndagala ku soko, njo maana mpaka leo nikisoma barua ya serikali nasikia harufu ya samaki. Siku ya kwanza nilifika ku biro ya kupima udongo na shati ya kuazima. Nikamukuta muzee mumoja amechutama ku veranda, iko napakaa mnyororo ya chuma mafuta ya mawese, kipande kwa kipande, polepole, sawa mama mwenye kupakaa mutoto. Hakunitazama. Akaniambia: "Usikanyage."

Nilikuwa nilishakanyaga.

Huyo njo alikuwa Papa Kashindi, mupimaji. Ile mnyororo njo shene yetu, ya kupimia mashamba. Alinifundisha kila kitu chenye najua. Alinifundisha kuvuta shene isilegee na isikaze. Alinifundisha kusimamisha jaloni, zile fimbo ndefu za rangi nyekundu na nyeupe, tatu ku musitari moja, ya mbele ifiche za nyuma. Nilikuwa nasimama pale natazama na niko napiga hadithi. Akaniambia: "Byamungu, ku kazi hii tunafungaka jicho moja na kinywa yote." Watu wa biro walicheka wiki muzima. Minye sikucheka, lakini nilimupenda tangu ile siku, na mwenye alikuwa anamusema vibaya Papa Kashindi mbele yangu alikuwa anatafuta ngumi. Wengine walizipata.

Kuna kitu moja alifanya chenye hamutakisoma ku kitabu. Munajua borni, ile jiwe ya simenti tunasimamisha ku kona ya shamba. Chini ya kila borni tunaweka makaa, kwa sababu makaa haiozi. Borni iking'olewa, unachimba, ukikuta makaa unajua kona ilikuwa pale. Hiyo wapimaji wote wanafanya. Lakini Papa Kashindi hakukubali makaa ya popote. Alikuwa anataka makaa ya ku jiko ya mutu mwenye anapoteza udongo. Si mwenye anapata, mwenye anapata anafurahi, atakupa hata nyumba. Mwenye anapoteza alete makaa kwa mukono yake mwenyewe. Akikataa, Papa anafunga shene, tunarudi. Wakubwa walikuwa wanakasirika sana. Yeye alikuwa anajibu kwa upole: "Mvua haiko mbali, tutarudi."

Uhuru ikakuya. Musyo, ule muzungu mwenye alikuwa mukubwa wetu, akaenda na ile mashini ya kuonea mbali, yenye miguu tatu. Aliacha mulango wazi na redio iko naimba. Sisi tulibakia na shene, jaloni, na plan za bonde nzima ya Ruzizi zenye zilikuwa na rangi. Rangi ya majani ilikuwa udongo ya pamba. Pale ilikuwa marufuku kujenga nyumba, marufuku kulima chakula, paka pamba tu. Nyekundu ilikuwa masomo, misioni, na biro. Njano ilikuwa vijiji. Unaweza kuona kama wenye walipaka zile rangi hawakuwahi kusikia njaa.

Watu wa bonde hawakungoja tupake rangi ingine. Uhuru ilipofika tu waliacha pamba, wakapanda mihogo, maharagi na mahindi ku udongo ya rangi ya majani. Ku plan ilikuwa pamba, ku macho ilikuwa chakula. Kwa muda hakuna mwenye alisema kitu.

Kiisha tukaitwa Lubarika. Shefu wa pale alikuwa ameomba ku teritware, kwa wakubwa wa serikali, wabadilishe rangi: kipande yote kati ya barabara na mufereji ya maji, itoke ku pamba, iingie ku masomo. Masomo ingejengwa pale, na pembeni yake tere ya mupira ya kweli. Tulipanda ku kamio ya mizigo na shene yetu, na kesho yake mukutano ikafanyika ndani ya hangari ya zamani ya kupimia pamba, ju hakukuwa nyumba ingine kubwa. Kilo ya pamba, ile mizani, ilikuwa ingali inaning'inia pale juu. Kila mwenye alisimama kusema alikuwa anaigonga na kichwa.

Mwalimu Ezekieli alisema wa kwanza. Alikuwa mutu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hakusema mambo mingi. Alisema watoto wa Lubarika wanatembea mpaka Luvungi ku masomo, na wakati ya mvua mito inajaa, na mwaka iliyopita mutoto mumoja maji yalimubeba. Hakutaja jina. Mama wa yule mutoto alikuwa mule ndani, wote walijua.

Vijana nao walikuwa na kapiteni yao, Musafiri. Mguu yake ya kushoto ilikuwa inajulikana mpaka Kamanyola. Alisema tere ya misioni mapadri wanaifunga na kufuli, na wao wanacheza ku barabara, na kila kamio ikipita mechi inasimama, na watu wa Kamanyola wanawaita ekipe ya vumbi. Alisema tuliambiwa uhuru itatupatia kila kitu. "Hatuombe kila kitu. Tunaomba pahali penye kamio haipite."

Watu wakapiga mikono. Minye pia nilipiga. Papa Kashindi akanitazama, nikaacha.

Pale njo Mama Faida akasimama. Alikuwa mujane, bwana yake alikufa wakati ya pamba. Ile kipande kati ya barabara na mufereji, karibu yote ilikuwa yake, na ilikuwa yenye mihogo mpaka ku mwisho. Hakupandisha sauti. Alisema masomo anaitaka, mutoto wake Faida iko natembea Luvungi sawa wengine. Alisema masomo inaomba pahali kidogo, ni mupira njo inakula udongo. Kiisha akasema: "Bwana yangu alilima pamba pale mpaka ikamumaliza, na hatukukula hata jani moja. Sasa nakula. Nyinyi munasema uhuru, uhuru. Yangu iko pale ndani ya udongo. Munataka niing'oe niwapatie muikanyage na viatu?"

Musafiri akamujibu kwa heshima: "Mama, hata viatu hatuna."

Watu wakacheka, na ile kicheko ilisaidia. Walibishana mpaka jua ikapinduka. Wengine walisema apewe pahali pengine, wengine wakauliza wapi, na hapo kila mutu akaanza kutazama chini, ju kila mutu alikuwa na shamba. Shefu alikuwa na haraka, mukubwa wa teritware alikuwa anakuya kutembelea, na alitaka amuonyeshe borni. Ku mwisho wazee wakakumbusha desturi ya pale: udongo yenye kuwa na mihogo haipimwi. Mwenye mihogo anang'oa kwanza, anakula yake, njo udongo inatoka. Shefu akaona hiyo ni rahisi. Akakubali mbele ya wote. Papa Kashindi akamuuliza Mama Faida kama atatoa makaa. Akajibu: "Mihogo ikitoka, nitaleta."

Wakaleta kasiksi, pombe ya ndizi, tukakunywa wote, jambo ikawa imekatwa.

Mutu wa bonde akisoma hapa ameshaanza kucheka. Mihogo haing'olewi siku moja. Mama anang'oa ya kula leo, na ile miti yake anaikata vipande, anairudisha ndani ya udongo pale pale. Mikono inafanya yenyewe, hakuna hata mwenye anafikiri. Kila mutu ndani ya ile hangari alikuwa mulimaji, na hakuna hata mumoja alisema Mama Faida asipande tena. Tulirudi wakati ya mvua, mihogo iko. Tulirudi kiangazi, mihogo iko. Kijiji ikagawanyika. Vijana walisema mama anawachezea. Wamama walisema mihogo inalimwaka vile, nyinyi munakulaka bugali yenye inatoka wapi? Mwalimu Ezekieli alikuwa katikati, na watoto yake ndani ya hangari ya pamba, iko anafundisha namna ile kilo isiwapige kichwa.

Mara ya tatu Shefu alituita pembeni. Alisema siku ya soko Mama Faida anaenda Luvungi, tusimamishe borni akiwa kule, akirudi atakuta kazi ilishaisha. Papa Kashindi alinyamaza, akafunga shene. Minye sikunyamaza. Nilimwambia Shefu kama kuiba udongo ya mujane ni kazi, atafute wezi, hapa ameita wapimaji. Nilisema na mambo ingine juu ya tumbo yake. Kelele ilikuwa kubwa mpaka mbuzi zikakimbia. Papa alinishika shingo, akaniamuru nibebe zile borni zote nizirudishe ku kamio, peke yangu, na ku njia hakunisemesha mpaka tukapita Kiliba. Kiisha akasema: "Ulisema kweli. Lakini sasa Shefu hakumbuki kama minye nilikataa. Anakumbuka tumbo yake." Mpaka leo naona Shefu alistahili. Lakini mwenye kunyamaza vizuri anafanya kazi kuliko musemaji, hiyo naikubali, hata kama siiwezi.

Halafu uasi ikatukuta.

Sitaeleza vita, wenye waliiona hawaombi waelezwe. Vijana wa bonde walienda na waasi wengi sana. Musafiri alienda, na ekipe yake karibu yote, wakatoka siku moja kama wenye wanaenda kucheza mechi ya nje. Waasi walipoingia Uvira, biro ikafungwa. Mutu wa karatasi alikuwa mutu wa wazungu, na mutu wa karatasi hakuwa anapewa muda ya kueleza. Bibi ya Papa Kashindi alikuwa muzaliwa wa Lubarika, basi wakakimbilia kule. Ndugu yangu wote walivuka kwenda Burundi. Minye nilimufuata Papa. Watu waliniuliza kama nina wazimu. Niliwaambia mutu mwenye alinifundisha kusimama sitamuacha atembee peke yake. Shene tuliizungusha ku tumbo yangu chini ya shati, na tulitembea bonde nzima, minye nikiwa nimenona sawa mukubwa, na kila hatua ile chuma inanikwaruza. Papa aliniambia niitupe ndani ya Ruzizi. Njo amri yake ya pekee yenye nilikataa.

Lubarika ilikuwa nusu tupu. Shefu alikuwa amekimbia. Mwalimu alikuwa amekimbia na watoto wenye angeweza. Mama Faida alibakia, na mihogo yake njo ilikuwa inalisha wenye walibakia. Mahindi unavuna, unaweka ku gala, askari anakuya anabeba. Muhogo inakaa chini ya udongo, inakungoja, hakuna mwenye anaiona. Tulikula kwake, sisi wapimaji wenye tulikuya mara tatu kumutoa pale.

Siku moja asubuhi wakafika. Kikundi ya vijana na mikuki, wamoja na bunduki, majani ku kichwa, wamekonda. Mbele yao Musafiri. Alikuwa amekuwa mukubwa wa kikundi. Alimujua Papa Kashindi mara moja, na alikumbuka kazi yake. Akamuuliza shene iko wapi. Papa akanitazama. Nikafungua shati.

Musafiri akasema: "Leo njo utapima tere. Sheria ya Shefu imeisha, sasa ni sheria yetu. Simamisha borni, ao ile shene tutakufunga nayo."

Kinywa yangu ilikuwa imeshafunguka. Papa aliweka mukono ku kifua yangu bila kugeuka. Alimujibu Musafiri sawa vile alikuwa anajibu wakubwa wote. Alisema: "Mutoto yangu, nitapima. Lakini nyinyi wote mulikuwa ndani ya hangari. Mihogo kwanza."

Musafiri alifikiri. Wenzake walikuwa na njaa, ilionekana ku macho. Kung'oa mihogo na kuikula ilikuwa amri moja yenye wote wangefurahi kufuata. Akasema haya, ng'oeni yote. Wakaweka bunduki pembeni, wakaanza.

Mama Faida alitoka ku nyumba na panga na jembe yake ndogo. Aliwaambia ile mistari ya karibu na mufereji ni mihogo chungu, wasiile hivi hivi, itawaua, wachukue ya huku. Kiisha akaenda nyuma yao. Wao wanang'oa, yeye anaokota miti, anakata vipande, anapanda. Hatua kwa hatua. Walikuwa karibu kufika katikati ya shamba njo mumoja akageuka akaona.

Sasa mujue kitu moja juu ya wale waasi. Walikuwa wamepakwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ilikuwa na masharti yake. Moja ilikuwa hii: mwanamke asikuguse. Akikugusa, dawa inakufa, na risasi inakupata sawa mutu wote. Waliiamini na roho yao yote. Yule kijana akasimama mbele ya Mama Faida amukataze. Mama akaendelea kuya. Kijana akarudi nyuma. Akasimama tena, mama akaendelea, na mikono yake yenye udongo, kijana akaruka pembeni sawa mwenye ameona nyoka. Wengine wakafanya duara kubwa kumuzunguka, wanapiga kelele, hakuna mwenye anasogea. Yeye hakutazama mutu. Alikuwa anapanda.

Musafiri alichukua bunduki.

Musafiri alitembea mpaka karibu yake, si karibu sana. Akamuita kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani.

"Mama Faida. Unatuchezea."

"Nalima."

"Tulikuomba vizuri, mbele ya watu. Ukatuchezea. Na leo tena."

Mama Faida akanyoosha mugongo. Alimutazama kutoka miguu mpaka kichwa, na nadhani aliona chenye sisi wote tuliona, kama ile mguu ya kushoto ilikuwa imefungwa kitambaa na alikuwa anachechemea.

"Musafiri," akasema, "umekonda. Kula kwanza. Kiisha utanipiga."

Musafiri akateremusha bunduki. Wenzake walikuwa wanamungoja. Kiisha akaenda kukaa ku ukingo ya shamba. Mama akawasha moto, akapika mihogo ku sufuria kubwa, akaiweka chini akaenda mbali ili waichukue bila kumugusa. Walikula. Musafiri alipomaliza aliokota kipande ya makaa ku ule moto, akamuletea Papa Kashindi. Akamuambia makaa hii hapa, ya jiko yake.

Papa akaishika. Akamuuliza: "Ameileta nani?"

Musafiri akageuka. Alitazama shamba. Ilikuwa imepandwa yote, mistari mipya, miti mifupi imesimama ndani ya udongo yenye kulowana. Hakuna mutoto wa bonde mwenye anaweza kukanyaga kitu yenye imepandwa leo, hata na bunduki. Akachukua ile makaa ku mukono ya Papa, akaitupa. Mbele ya kuondoka alienda ku kona ya shamba, ile ya karibu na barabara, akapima na miguu yake upana ya gori, anachechemea, akaweka jiwe huku na jiwe huku. Akayatazama kidogo. Kiisha wakaenda, upande wa Kamanyola.

Hakurudi. Ku ile ekipe yote, Lubarika ilimuona tena golikipa peke yake, na hakusema wengine walibakia wapi.

Vita ilipopoa watu wakarudi. Shefu akarudi, amepungua ile tumbo, nami sikusema kitu, muone kama nilikuwa nimeanza kujifunza. Mwalimu Ezekieli akarudi na watoto wachache kuliko wenye alienda nao. Mukutano ikafanyika tena ndani ya hangari, na mara hii hakuna mwenye alibishana sana. Majirani wenye walikuwa na mashamba juu ya mufereji, wale wenye mwaka ile walitazama chini, kila mumoja akakata kipande ku yake, wakamupatia Mama Faida pahali penye maji. Walikuwa wamekula mihogo yake wakati ya njaa, wangesema nini? Mama Faida alisema atakuya kutuona ku shamba.

Asubuhi tukasimamisha jaloni. Papa Kashindi alikuwa ameshazeeka, macho yalikuwa yameanza kumuacha, njo minye nilifunga jicho. Tukakuta mihogo imeng'olewa. Ile miti yote ilikuwa imefungwa vifungu vifungu, na wamama walikuwa wanaibeba ku kichwa kwenda juu ya mufereji. Udongo ilikuwa tupu kabisa. Sikuwahi kuiona vile. Paka kona moja tu, ile ya karibu na barabara, yenye mawe mawili, mihogo ilikuwa imesimama.

Mama Faida alikuya na makaa ndani ya jani ya ndizi. Ilikuwa ingali na moto kidogo. Papa akamuonyesha ile kona, akamuuliza.

"Ile haitoke," mama akasema. "Ile ya pale ni ya wale watoto. Wakirudi watakuwa na njaa."

Nilianza kumwambia mama, lakini wale hawatarud... Papa Kashindi akanikanyaga mguu. Hakukanyaga shene hata siku moja ndani ya maisha yake, lakini mguu yangu aliikanyaga vizuri.

Mama akaendelea, hakuwa anasema na sisi sana. "Waliniomba pahali pa kukimbia, nikawanyima. Wakaenda kukimbilia kwengine."

Nilimwambia hapana mama, haikuwa wewe, hiyo vita ilibeba hata wenye walikuwa na tere. Nilisema kwa hasira, ju nilikuwa nataka kulia. Akaniambia: "Byamungu, nyamaza, vuta shene."

Nikavuta. Papa aliweka makaa ndani ya shimo, tukasimamisha borni juu, na musitari tukaukunja pale ku kona, tukaacha ile mihogo nje. Shefu aliona, akaiacha vile. Gori walisimamisha pembeni, si ku mawe ya Musafiri.

Papa Kashindi hakupima tena shamba ingine. Mama Faida naye alishaenda. Faida, ule mutoto wa kutembea Luvungi, amekuwa bibi mwenye wajukuu, na kila mwaka anang'oa ile kona, anapika, analisha watoto wa masomo, anakata miti, anairudisha ndani ya udongo pale pale. Mupira ukiingia mule, wachezaji wanazunguka kuuchukua, hawakanyagi.

Kijana wa miwani, sasa unajua. Shene nimeiacha ku musumari nyuma ya mulango. Ipakae mawese.